JIBU: OC ananibagua, kesho napeleka barua ya "mateso", nishaurini

Weka hiyo barua chini. Usiipeleke kesho, usiipeleke Jumatatu, na kama umeshaiprinti ifungie rolex, ile chapati ya mayai. Unasema OC wako, yaani mkuu wa kituo cha polisi, anakubagua kwenye zamu, na umeuliza mambo manne sijui matano, ya transfa na nyumba ya bareksi yakiwemo, ila mimi nimekwama kwenye hilo neno moja uliloliandika kwa herufi kubwa, MATESO, maana hilo neno mimi lilinila mzimamzima.

Nilikuwa koplo wa polisi hapa Uganda, kituo fulani upande wa mashariki, sikitaji. Nikajifungua mtoto wa pili, nikachukua likizo ya uzazi, zile siku 60 za kazi za sheria ya ajira ya 2006, narudi nakuta jina langu limetolewa kwenye orodha ya kozi ya kupanda cheo. Wanaume watatu tulioanza nao ukuruta siku moja wameenda, na wawili kati yao rekodi zao banange tuziache. Namuuliza afande, ananijibu mbele ya watu, "wewe nyonyesha kwanza, kozi haikimbii." Halafu ananipanga kota gadi, zamu ya ulinzi, usiku mwezi mzima, maziwa yanalowesha yunifomu nimeshika bunduki.

Sasa angalia, mdogo wangu, hapo kila kitu nilikuwa nacho. Sababu ninayo, mimi mwanamke niliyetoka kuzaa. Watu wa kujilinganisha nao ninao, wale watatu. Maneno ya mkubwa mwenyewe na waliosikia wapo. Ibara ya 21 ya katiba ya 1995 inataja jinsia wazi kabisa kwenye orodha yake, pamoja na kabila, dini, ulemavu, maoni ya siasa na mengine, na inasema kubagua ni kumtendea mtu tofauti na wenzake kwa sababu hasa ya hicho alicho. Ibara ya 40 nayo inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi mwanamke akiwa na mimba na baada ya kuzaa. Chakula kilikuwa kimeiva, kilikuwa kinangoja sahani tu.

Nikaenda kwa nani? Kwa mzee mmoja mstaafu, anakaa chini ya mwembe karibu na bareksi, ana taipureta na muhuri, wote tunamwita Wakili. Shilingi 150,000 na soda mbili. Akaniambia binti, ubaguzi ni neno jepesi, kila mtu analia ubaguzi, weka mateso, mateso katiba haina mchezo nayo. Na kweli ibara ya 44 inasema haki ya kutoteswa haipunguzwi kwa hali yoyote, hapo hakudanganya. Alichoacha kuniambia, yule mzee Mungu amsamehe mimi bado, ni kwamba mateso yana maana yake kwenye sheria ya 2012: maumivu makali ya mwili au ya akili, umetiwa kwa makusudi, ili utoe habari au uadhibiwe au utishwe na kadhalika. Mtu aliyenyimwa kozi akisema ameteswa anachekwa. Kota gadi nayo hata wanaume wanaikesha.

Barua ikatoka kurasa 4. Neno mateso mara 11 (nilihesabu baadaye usiku, usingizi umenikimbia), neno mwanamke halipo hata mara moja! Kozi haikutajwa, tarehe hakuna, wale watatu hawamo. Waliochunguza wakaniita, wakauliza, "alikupiga wapi?" Hakunipiga. "Alikufungia?" Hapana. Faili likafungwa kabla chai haijapoa. Afande naye akanifungulia kesi ya nidhamu, taarifa ya uongo dhidi ya mkubwa, na uchungu wenyewe ni kwamba sikuwa na pa kujificha, kwa sababu kweli hakunitesa, alinibagua! Faini ikakatwa kwenye mshahara, nikahamishwa mbali na mtoto anayenyonya. Mume wangu akaisoma ile barua akauliza, kwani hii iliandikwa na adui yako? Nikamwambia ndiyo, na soda nilimnunulia mimi. Nilipojaribu kuandika upya nikaambiwa jambo hilo lilishaamuliwa. Leo nauza nguo za watoto sokoni, wateja wangu wengi wananyonyesha na sijamnyima kozi hata mmoja.

Haya, wewe. Umesema OC anakuita "mtu wa kule" na zamu za mchana anawapa wa kwao tu. Hilo ni KABILA, limo kwenye orodha, basi liandike hivyohivyo. Andika siku gani, alisema nini, nani alisikia, nani wa cheo chako alipewa ulichonyimwa wewe. Sababu na mtu wa kujilinganisha naye, bila hivyo viwili usisaini kitu. Hata "ananinyanyasa" usiliegemee, OC anayewanyanyasa wote sawasawa ni mtu mbaya tu, kumwita mbaguzi hutaweza kuthibitisha. Na kama kuna mkubwa anayedai ulale naye ndiyo akupe ruhusa, huo ni unyanyasaji wa kingono, una jina lake, uandikie barua yake peke yake.

Pa kupeleka nje ya kituo papo. Tume ya Fursa Sawa iliundwa kwa sheria ya 2007 na kazi yake hasa ni ubaguzi. Tume ya Haki za Binadamu pia, ila haipokei jambo lililopita miaka 5 wala lililoko kortini tayari, kwa hiyo usikae nalo kama nilivyokaa mimi nikimeza hasira.

Lile la transfa na la nyumba ya bareksi ntarudi, simu inaisha chaji. Ukishaandika upya nitumie inbox niione kabla hujasaini, na nikikuta neno mateso humo nakuja mwenyewe na boda kulifuta.