Maswali na majibu: ngozi ya jani na majina ya nyasi

Mwalimu, nimekutumia picha ya ngozi ya jani kutoka kwenye hadubini. Ni nyasi gani?

Sijui, na hakuna awezaye kujua, kwa sababu hukuandika ni upande upi wa jani wala umekata wapi. Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia kila nikiulizwa: chukua jani lililokomaa, kata kipande katikati ya ubapa (sehemu pana ya jani), kati ya mshipa mkuu na ukingo, na uanze na upande wa chini. Upande wa juu mara nyingi una matuta, tena una zile seli kubwa zilizojaa maji zinazohusishwa na kujikunja kwa jani. Ngozi ya ala, sehemu ya jani inayokumbatia shina, nayo haifanani na ya ubapa. Ukilinganisha ala ya mmea huu na ubapa wa ule, hujalinganisha kitu. Na hata ukifanya yote sawasawa, ngozi ya jani itakufikisha kwenye kundi, pengine jenasi. Kwa spishi, subiri maua.

Je, rangi ya kucha inatosha kutoa ngozi ya jani?

Kwa stomata, vile vitundu vidogo vya kupitishia hewa, inatosha. Lakini rangi ya kucha huchukua alama ya juu tu, na vijiwe vya silika, vile vichembe vigumu ambavyo umbo lake husaidia kutambua kundi la nyasi, viko ndani ya seli. Afadhali ukwangue. Laza kipande kwenye kigae, upande unaoutaka ukitazama chini, ukimwagie maji ya klorini ya kung'arishia nguo, kisha ukwangue taratibu kwa wembe. Kijani kitaondoka kama ute, na mwishowe utabakiwa na utando mwangavu kama ngozi ya kitunguu. Suuza, tia rangi ya safranini, funika kwa kioo. Usichanganye klorini na asidi wala amonia, na fungua madirisha; hewa yake huumiza mapafu.

Naona vijiwe vya silika vyenye vitufe viwili vilivyoungwa kwa shingo. Nimeandika kundi la Panicoideae. Niko sahihi?

Huenda, ila umewahi mno kuandika. Ni kweli mtama, mahindi na uwele, ambao ni Panicoideae, wana vitufe viwili au umbo la msalaba. Ukoka na ulezi, wa Chloridoideae, wana umbo la tandiko la farasi. Ngano na shayiri, wa Pooideae, wana vijiwe virefu au vya mviringo visivyo na shingo. Mtaalamu wa mimea Henri Prat alitumia ushahidi wa namna hii kupanga nyasi miaka ya 1930, na mwenzake wa fani C. R. Metcalfe akaukusanya kwa mapana mwaka 1960. Kwa sehemu kubwa bado umesimama.

Lakini Aristida, jenasi nyingine ya nyasi, nao wana vitufe viwili, na si Panicoideae. Stipa wanavyo pia, nao ni jamaa wa ngano. Mpunga unavyo, ila vyake vimekingama badala ya kufuata urefu wa jani. Kijiwe kimoja hakitoi hukumu.

Rudi kwenye kioo chako utazame ukanda ulio kati ya mishipa, utafute vinywele vidogo vya seli mbili. Kwa Panicoideae ni virefu na vyembamba, na seli ya nchani ina ukuta laini. Kwa Chloridoideae ni vifupi na vinene, ncha imeviringana kama kichwa cha rungu. Pooideae kwa kawaida hawana. Hapo ndipo wengi wanapopotea, maana ile seli laini ya nchani hunyauka au hukatika ukikwangua kwa nguvu, ikabaki seli ya chini peke yake. Mtu akaandika "hakuna vinywele", akaupeleka mtama kwenye jamaa ya ngano. Tazama vipande vitatu au vinne kabla ya kuandika neno hakuna.

Nihesabu stomata?

Hapana. Idadi hubadilika kwa mwanga na maji. Tazama umbo la seli zilizo kando yake, kama ni pembetatu, kuba, au pande sambamba.

Ndago ni nyasi ya kundi gani?

Ndago si nyasi! Swali hili huja kila mara. Vingirisha shina kati ya vidole, utasikia pembe tatu. Na kwenye ngozi ya jani, vijiwe vyake ni koni ndogo zilizochongoka. Shika shina kabla hujashika wembe.

Jani likiungua, ushahidi umepotea?

Vinywele vimekwenda, silika imebaki. Hukaa kwenye majivu na udongo kwa maelfu ya miaka, ndiyo maana wanaakiolojia huitafuta. Ila anayetaja spishi kwa kijiwe kimoja cha majivuni, mimi simkubali.

Nina ruhusa ya kutazama nyasi kavu za zamani kwenye hifadhi ya mimea. Bado zinafaa?

Zinafaa sana. Loweka kipande kwenye maji ya moto mpaka kilainike, kisha kwangua kama kawaida. Ruhusa ya kutazama si ruhusa ya kukata, kwa hiyo omba tena. Anza na vipande vilivyodondoka ndani ya bahasha, na sentimita moja inatosha. Sampuli ambayo jina la spishi liliegemezwa juu yake usiiguse kwa wembe. Ukimaliza, andika namba ya sampuli kwenye kioo, upande wa jani na mahali ulipokata, kisha kioo kibaki pale pale hifadhini ili anayekuja baadaye asilazimike kukata tena.