Daktari, kwa nini wasitoe figo yote?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 58, ana kisukari na presha. Alipopimwa ultrasaundi ya tumbo walikuta uvimbe kwenye figo ya kushoto, wa sentimita 3. Daktari anataka kukata kipande chenye uvimbe na kuiacha figo. Shemeji zangu wanasema huko ni kubakiza mbegu ya saratani, itolewe yote, mtu huishi na figo moja. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mama. Ni kweli, mtu huishi na figo moja, iwapo ni nzima. Ya kulia ya mumeo imeishi na kisukari na presha, maradhi yanayoongoza kwa kuharibu figo. Kreatinini yake, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ni ngapi? Hukuitaja, nami ndiyo ningeanza nayo.

Kuhusu mbegu: hatukati katikati ya uvimbe. Tunauzunguka na kuutoa pamoja na utando mwembamba wa nyama nzima, kisha kingo zake hukaguliwa maabara. Uvimbe usiozidi sentimita 4, ambao haujatoka nje ya figo, ukitolewa hivi saratani hudhibitiwa sawa na kutoa figo yote. Tena, takribani kimoja kati ya vivimbe vitano vya ukubwa huo hukutwa si saratani kabisa, na wakati huo figo iliyotolewa hairudishwi.

Kwa mpasuaji, kuitoa yote ndiyo kazi rahisi (shemeji zako hawatapenda kusikia). Ukikata kipande, unabana ateri ya figo (mshipa unaoipelekea damu), unakata, unashona, na saa inakukimbiza: kibano tunapenda kifunguliwe kabla ya dakika 25 au 30. Hatari ya kuvuja damu, au mkojo kupenya kwenye mshono, ni kubwa kuliko ya kutoa figo nzima. Basi muulizeni daktari huufanya upasuaji huu mara ngapi, na uvimbe umekaa wapi. Ukiwa umejitokeza ukingoni, mimi ningekata kipande bila kusita. Ukiwa umezama kwenye mishipa mikubwa, huenda hata mimi ningeitoa figo. Na wakati mwingine huamuliwa hivyo mgonjwa akiwa tayari mezani. Shemeji zako waelezwe mapema, wasije wakadhani mlidanganywa.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni asimeze bila kumuuliza daktari wake.