Kitenge Kisipoteze Maua Yake

SWALI: Hujambo fundi? Mimi nashona mikoba ya kitenge hapa Kibuye, Kisumu. Nikiwatumia picha wateja wa Busia na Siaya, wanalalamika kuwa zinakula bando, na nyingine hazifunguki kabisa. Nikapata programu ya kupunguza picha, nikateremsha ubora hadi 20 kati ya 100. Sasa zinafunguka upesi, lakini maua ya kitenge yamekuwa kama matope. Mteja mmoja amenirudishia mkoba akisema si ule aliouona. Nifanyeje?
— Mshonaji, Kibuye

JIBU: Sijambo, dada yangu, na pole kwa mkoba uliorudi. Kitenge hununuliwa kwa maua yake. Picha ikiyaharibu, mteja hana tena cha kuchagua.

Ulichokosea ni mahali pa kuanzia. Simu nyingi hupiga picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani vidoti milioni 12. Kila kidoti kikibeba baiti 3 za rangi, hizo ni megabaiti 36. Simu huzishindilia kwa JPEG, mtindo uliopo tangu 1992, zikabaki megabaiti 3 hadi 5. Bado ni nyingi mno, kwa sababu simu ya mteja wako yaelekea ina skrini yenye upana wa pikseli 720 au 1,080. Zile nyingine anazilipia bando na hazioni. Kwa hiyo punguza vipimo kwanza: upande mrefu uwe 1,200. Utabaki na 1,200 kwa 900, vidoti milioni moja na kidogo, na hapo ubora hujaugusa.

Sasa uguse, kwa mkono mwepesi. JPEG huikata picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha ndani ya kila mraba hutupa vile vitu vidogo ambavyo jicho halivishiki. Rangi huipunguza zaidi kuliko mwanga, maana jicho la binadamu hutambua tofauti ya mwanga kuliko tofauti ya rangi. Kwenye uso wa mtu hutaona kitu. Kwenye kitenge, ambapo nyekundu inapakana na buluu kwa mstari mkali, utaona haraka: ukingo unachuruzika. Ukifika 20, ile miraba yenyewe inajitokeza, na hayo ndiyo matope yako. Weka 80. Ukibanwa sana, 75. Kwa nguo mimi sishuki zaidi ya hapo. Kila picha itakuwa kama kilobaiti 150 hadi 300, na picha kumi na mbili hazitafika megabaiti 4.

Kazi hii unaweza kuifanya kwenye tovuti ya Squoosh. Inafanya kazi ndani ya kivinjari cha simu, picha yako haipelekwi kokote, na inakuonyesha kabla na baada pamoja, ukivuta mstari wa katikati. Vuta mstari huo juu ya ua lenye rangi nyingi, usiuvute kwenye mkanda wa mkoba.

Kuna jambo la kufanya kabla hata ya kushika programu. Picha nyingi za sokoni zina mkoba mbele, na nyuma ndoo, miguu ya wapita njia na rundo la mitumba. Kila kitu hicho kina kingo zake, na JPEG hutumia baiti kuzihifadhi zote. Tundika mkoba mbele ya shuka jeupe, faili itapungua kwa kipimo kilekile cha 80. Piga asubuhi, kwenye kivuli cha kibanda. Picha za jioni huwa na chengachenga za giza, na chenga hizo nazo zinakula nafasi bure.

La mwisho kwako, na hili linaniuma. Usiifute picha ya asili. Nilipofungua studio yangu hapa Nakuru, nilipiga picha za bibi mmoja wa Njoro kwenye harusi ya mjukuu wake. Nikazipunguza hadi upana wa pikseli 640, nikaitumia familia, nikafuta za asili ili kompyuta ipate nafasi. Miaka miwili baadaye bibi akafariki, na wanawe wakaja kuomba picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Chapa nzuri inataka vidoti 300 kwa kila inchi. Pikseli 640 zinatosha upana wa sentimita 5 na kidogo. Niliichapa kubwa hivyohivyo kwa sababu hawakuwa na nyingine, na uso wake ulikuwa na ukungu. Tangu siku hiyo napunguza nakala tu, na kila mara kutoka kwenye ile ya asili. Picha iliyokwisha kupita WhatsApp imeshapunguzwa. Ukiipunguza tena unatupa vilivyobaki. Mteja akitaka kuona mshono kwa karibu, mtumie ile ya asili kama dokumenti, ndipo itafika nzima.

SWALI: Naomba kazi kupitia tovuti inayokubali cheti kisichozidi kilobaiti 200. Nikikipunguza, maandishi hayasomeki.
— Kijana, Kakamega

JIBU: Kwanza kata meza yote inayoonekana pembeni, ibaki karatasi peke yake. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe yenye vivuli vya kijivu, ikiwa tovuti haidai rangi. Kisha upande mrefu 1,500, JPEG, ubora 60. Ikizidi 200, teremsha ubora hadi 50 kabla ya kugusa vipimo, kwani herufi zikishakuwa ndogo mno hakuna ubora utakaozirudisha. Mihuri na sahihi zikague mwenyewe kwa kukuza picha, kisha utume.