Mama kaacha vidonge vya presha kwa kuwa "hana kinachomuuma"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama umlazimishe bi mkubwa wako kumeza dawa: presha 160 kwa 100, kameza vidonge wiki tatu, kajiona mzima, kavitia kabatini. Nakujibu kwa yaliyotukuta kwetu Wete, Pemba, maana mzee wangu alinambia maneno hayohayo: "Mwanangu, mimi sina kinachoniuma."

Na kweli hakuwa nacho. Anapanda mkarafuu, anarudi na pakacha, jioni yuko barazani anacheza bao. Siku aliyopimwa ilisoma 178 kwa 104 na hakuwa na hata kizunguzungu. Kameza miezi miwili, ikashuka, akasema kapona. Wapi! Ilishuka kwa sababu ya dawa. Alipoacha ikapanda tena kimyakimya.

Ikaingia Ramadhani. Usiku mmoja wakati wa daku kikombe cha chai kikamponyoka mkono wa kulia. Hakushtuka, aliutazama ule mkono ulivyolala juu ya jamvi kana kwamba umewekwa pale na mtu mwengine. Mdomo umekwenda upande, maneno hayaeleweki. Ami akasema ni shetani, aitwe mganga. Wallahi tulimngoja mganga mpaka jua likapanda, ndipo tukamkimbiza hospitali. Saa zile nazijutia mpaka leo, kwani kwenye kiharusi kila dakika inayopita ubongo unazidi kufa. Ukiona uso umelegea upande mmoja, mkono hauinuki, ulimi mzito, usimngoje mtu.

Sasa kwa mama yako. Usimlazimishe, mzee halazimishwi (jaribu uone). Muulize kwanza kwa nini kaacha, kwa upole, maana wengine huona haya kusema. Dawa ya presha iitwayo amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Nyengine, kaptoprili na lisinoprili, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha. Ikiwa ni hayo, arudi kwa daktari abadilishiwe, asijiachie mwenyewe. Na saumu isiwe kisingizio: dawa nyingi za presha humezwa mara moja kwa siku, kwa hivyo daktari anaweza kumpangia futari au daku. Ila aende kabla mwezi haujaandama.

Mkinunua mashine ya kupimia presha, chukueni ya kufunga juu ya kiwiko. Akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, mkono usawa wa moyo, na asizungumze. Dada yangu alikuwa akimpima mzee huku wanabishana bei ya karafuu, halafu tunashangaa namba zinapaa. Pimeni asubuhi na jioni, andikeni daftarini, na daftari liende naye kliniki.

Chumvi ndiyo vita vyetu Wapemba. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yaani hata kijiko kimoja cha chai hakijai, na humo imo ya mkate na ya mchuzi pia. Na mzee bila ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) hali. Kumkatia kabisa tulishindwa. Mama yangu sasa huiroweka usiku kucha, anamwaga maji na kutia mengine, na mchuzi wenyewe hautii chumvi, anazidisha ndimu na pilipili. Bado ina chumvi, ndiyo maana anaipata Ijumaa tu. Mwanzo alisusa sahani siku tatu. Ya nne njaa ikamshinda.

Kilichotusaidia zaidi ni kuifungamanisha dawa na sala. Vidonge vinakaa kwenye kibweta pamoja na tasbihi yake. Akisha kusali Alfajiri anaifuata tasbihi, anakuta na kidonge. Kikombe siku hizi anakishika kwa kushoto, na hilo ndilo linalomuuma. Ukimuuliza kama kameza, anakuja juu: "Mimi mtoto?" Kisha utamuona anajikokota kwenda kufungua kibweta, aangalie.