Matembezi ya hisani kutoka Kerege hadi Mwenge: anza na mguu

Msomaji mmoja ameuliza: kikundi chao cha watu 20 kinataka kutembea kwa siku moja kutoka Kerege, Bagamoyo, hadi Mwenge, Dar es Salaam, ili kuchangia vitanda vya zahanati. Je, mazoezi ya wiki mbili yanatosha? Hayatoshi. Jipeni wiki 8, na kila wiki iwe na mwendo mmoja mrefu: anzeni na kilomita 8, mpande taratibu mpaka 24, kisha mpunguze wiki mbili za mwisho. Anayemaliza 24 bila lengelenge, Mwenge atafika.

Njia hiyo ina zaidi ya kilomita 30. Ipangieni kama 35. Mtu hutembea kilomita 5 kwa saa, lakini ukiweka mapumziko zinabaki 4. Hiyo ni kama saa 9 barabarani. Ondokeni saa kumi alfajiri, mfike saa saba mchana. Chagueni Julai, kipupwe, wala si Februari.

Watu wengi hawaangushwi na pumzi, wanaangushwa na kisigino. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo raba iliyokukaa sawasawa dukani asubuhi itakuwa inabana vidole ifikapo saa tano. Nunua jioni, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Raba mpya siku ya matembezi ni kosa kubwa. Iwe imeshatembea kilomita 80 angalau. Soksi za pamba tupu ziache nyumbani: zinashika jasho, ngozi inalowa, halafu inachubuka. Vaa nyembamba ya nailoni ndani na nene juu yake, zisuguane zenyewe badala ya kusugua ngozi. Beba jozi nyingine ya kubadilisha katikati ya safari.

Lengelenge hutoa taarifa kabla halijaja: sehemu moja ya mguu inapata joto, kana kwamba umeisogeza karibu na jiko. Hapo hapo simama. Usiseme utafunga kituo kijacho. Ndani ya nusu saa maji yatakuwa yameshajaa. Vua, futa jasho na vumbi mpaka ngozi ikauke kabisa, maana plasta haishiki penye unyevu wala mafuta. Kata kipande cha plasta ya kitambaa, zungushia mkasi pembe zote nne ziwe mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka. Bandika bila mkunjo hata mmoja, kisha ifunike kwa kiganja nusu dakika ipate joto la mwili. Mafuta ya mgando yapake mapajani na makwapani, si pale penye plasta.

Likishatokea na ni dogo, lifunike tu. Likiwa kubwa na bado mna kilomita 15, safisha, toboa pembeni kwa sindano mpya, kamua maji, na ngozi ya juu usiivue. Mwenye kisukari asitoboe kabisa. Apande gari la huduma akaonwe na daktari.

Maji ni nusu lita kwa saa, kwa mafundo madogo madogo. Kwa watu 20, wekeni madumu 5 ya lita 20 kwenye gari, nalo lisimame kila baada ya kilomita 5. Maji matupu kupita kiasi nayo ni hatari: chumvi ya damu inashuka, vidole vinavimba, kichwa kinauma, mtu anaanza kuchanganyikiwa. Pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, ziwepo, moja kwa lita moja. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chakula kiwe ndizi, karanga, viazi vitamu. Chipsi msile mpaka mfike.

Toeni taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla, na muitoe pande zote mbili, kwani mkivuka Mto Mpiji mmetoka Pwani na kuingia Dar es Salaam. Kabla ya mto ni miembe, minazi na giza la alfajiri: kila mtu reflekta, mstari mmoja, upande wa kulia mkitazamana na magari. Ukingo wa lami umeinama kuelekea mtaroni na goti huanza kuuma, hivyo palipo na udongo tambarare tembeeni hapo.

Kuanzia Bunju ndipo kazi yenyewe. Jua limepanda, lami haina huruma kwa nyayo, malori ya saruji yanaingia na kutoka Tegeta, daladala zinakata ghafla kuingia vituoni, bodaboda ziko juu ya njia ya waenda kwa miguu. Kundi hukatika hapa. Teueni mfunga safu, na nyuma yake asibaki mtu; wa mbele wamsubiri kila makutano.

Michango kusanyeni kabla, kama mnavyofanya kwa harusi, kwa lipa namba ya kikundi na si simu ya mtu. Aliyeahidi shilingi 1,000 kwa kilomita atoe 35,000 kabla ya siku yenyewe. Ahadi zikishalala baada ya matembezi, kuziamsha ni kazi.

Mkifika Mwenge msikimbilie daladala. Tembeeni polepole dakika 10, kisha keti, vua raba, inua miguu juu ya begi, na kagua kila kidole.