Kilichomrudisha mtoto shule ni pipa

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa binti anayesomea ustawi wa jamii, yuko fildi. "Shikamoo dada. Kuna mama nimemfanyia unasihi mara tano na hajabadilika. Msimamizi wangu anasema niendelee tu. Nakosea wapi?"

Nikaitikia marahaba, nikaanza kuandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikamwambia avumilie, nitamjibu hapa, kwa sababu swali hilo limenitesa mimi mwenyewe na najua wengi mnaopita humu ni watu wa kada hii. Mna majalada yenu, na kila jalada lina "hajabadilika" wake.

Nianze na aibu yangu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini kama afisa ustawi alikuja mama mwenye mtoto wa miaka mitatu, anadai matunzo. Nikamwandikia baba barua ya wito, ikapitia kwa mtendaji wa kata. Baba akaja, mpole kweli, shati limenyooshwa. Tukaongea saa nzima, nikawamwagia maneno yote ya malezi niliyotoka nayo chuoni. Baba akasaini kutoa shilingi 50,000 kila mwezi, mama akasaini, mimi nikagonga muhuri. Kwenye taarifa ya robo mwaka nikaandika: shauri limesuluhishwa. Siku ile nilitembea kama niliyeshusha mvua.

Miezi minane baadaye nikakutana na yule mama gulioni, anauza dagaa, mtoto kamweka pembeni juu ya kiroba. Nikamchangamkia. Akaniambia, tena bila hasira, na hapo ndipo palipouma: "Alitoa mara mbili tu, dada yangu. Nikaona nisikusumbue."

Nisikusumbue! Kwenye laki nne alizostahili, mkononi mwake ilifika laki moja, na bado mimi ndiye wa kuonewa huruma. Yule baba alikuwa kibarua wa mashamba ya mpunga, anashika hela ya maana wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, miezi mingine anabangaiza. Sikumuuliza. Nilipanga elfu hamsini za kila mwezi kwa mtu asiye na mshahara wa mwezi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatoa njia ya kuomba amri ya matunzo mahakamani, na hata afisa ustawi anaruhusiwa kuiomba, lakini hilo nalo sikumweleza mama. Baba alikuwa mpole, nikaona yameisha. Nilihesabu saini nikasema ndiyo matokeo.

Sasa pipa.

Niliitwa na mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kuhusu mvulana wa darasa la sita, mtoro sugu. Analelewa na bibi yake mwenye mguu mbovu, pamoja na wadogo zake wawili. Mwezi ule rejista ya darasa ilionyesha amehudhuria siku 7 kati ya 22. Nikaenda nyumbani, nikaongea naye umuhimu wa elimu. Nikarudi, nikaongea na bibi umuhimu wa elimu. Mara ya tatu nikawaweka pamoja, na mnajua nilichoongea. Bibi alikuwa anaitikia "ndiyo mwanangu" kwa adabu zote, mtoto anachora chini kwa kijiti.

Mara ya nne bodaboda wangu alichelewa kunifuata. Nikabaki nimekaa kwenye kigogo, sina cha kuongea, maneno yamekwisha. Mtoto akabeba dumu. Nikamfuata bombani kwa kukosa kazi tu. Njiani ndipo akaniambia kwamba kila asubuhi anamsombea maji mama lishe wa stendi, madumu sita ya lita ishirini, anapewa shilingi 1,500. Bomba linafunguliwa saa kumi na mbili, foleni yake mnaijua wenyewe, akimaliza ni saa tatu. Mwalimu wa zamu anayo fimbo ya wachelewaji, kwa hiyo haendi kabisa. Na ile 1,500 ndiyo unga wa nyumba nzima.

Mtoto alikuwa ndiye baba wa familia, mimi naenda kumhubiria elimu ni ufunguo wa maisha.

Nikaenda kwa mama lishe nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi wa ajira ya watoto. Akaniuliza swali moja tu: "Nikimwachisha, bibi yake atakula nini?" Nikanyamaza. Tukaongea kama watu wazima, akasema yeye hata maji ya jioni yangemfaa, ila hana chombo cha kuyalaza. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na pipa la lita 200 nyuma ya nyumba yake, linafuga mbu. Tukakubaliana, kila mtu na lake: mwenyekiti atoe pipa, mama lishe apokee maji jioni kwa bei ileile, wadogo wasaidie kubeba, mtoto awe darasani saa moja na nusu. Nikaandika kwenye daftari nani kaahidi nini na lini, na kila Ijumaa nikawa napiga simu kuuliza. Mwezi uliofuata: siku 19 kati ya 21.

Hapa ndipo wengi wetu tunapiga picha tukamaliza. Nami karibu nipige. Lakini mwalimu mmoja akasema, "Madam, si mwezi huu ndiyo tumeanza kutoa uji?" Nilikasirika, kusema kweli. Nilitaka iwe kazi yangu. Baada ya wiki kadhaa pipa likapasuka, mama lishe akarudi kutaka maji ya asubuhi. Uji shuleni upo palepale. Mtoto akapotea siku nane. Fundi akaliziba kwa plastiki ya kuyeyusha, mtoto akarudi darasani wiki ileile. Uji umesaidia, sikatai, lakini sasa nilijua kwa hakika ni kitu gani kilikuwa kinamvuta na kitu gani kilikuwa kinamzuia.

Cha kuchekesha ni kwamba haya nilishayajibu kwenye mtihani. Tulifundishwa kwamba mwaka 1973, mwaka uleule ilipotungwa sheria ya kuanzisha chuo chetu cha Ustawi wa Jamii, Mmarekani Joel Fischer alipitia tafiti 11 zilizopima kazi ya maafisa ustawi kwa mteja mmoja mmoja, hakuona ushahidi kwamba wateja wanapata nafuu kwa sababu ya kazi ile. Fani nzima ikatikisika. Tulifundishwa pia kuhusu William Reid na Laura Epstein, waliotoa mwaka 1972 njia yao ya kufanya kazi kwa majukumu madogo ambayo mteja mwenyewe ameyakubali, kwa muda mfupi uliopangwa. Reid alikuwa ameshalinganisha, huko New York, msaada wa muda mfupi na ule wa kuburuza miezi mingi, na ule mfupi haukuzidiwa. Nilipata B+. Sikuelewa hata mstari mmoja mpaka nilipobeba dumu.

Mwisho wa mwaka ule tathmini yangu ilikuwa ya chini ofisini. Mwenzangu alitembelea kaya 60, mimi 19. Mkubwa wangu aliniambia mbele ya watu kwamba silipwi ili kukaa na mapipa. Kisha kwenye semina ya wadau kisa cha mtoro aliyerudi shule kikasomwa, kimepambwa na picha, jina langu halimo. Nimesamehe, ila mnaona bado naliandika.

Kwa hiyo mdogo wangu, na ninyi wengine mnaojifunza kugonga mihuri, acheni kuhesabu mlivyosema. Muulizeni mteja anataka nini yeye. Andikeni hali ilivyo leo kwa namba kabla hamjagusa kitu: siku ngapi shuleni, shilingi ngapi mkononi, usiku ngapi bila kipigo. Kisha mrudi. Halafu mrudi tena. Hali ikibadilika, msijipongeze kabla hamjatafuta uji ni upi na pipa ni lipi. Isipobadilika baada ya mara tano, ya sita haitakuwa na muujiza. Mteja si mkaidi, mmeshika mlango usio wake. Katika ujumbe wako wote umeniambia unachotaka wewe abadilike. Mama mwenyewe anataka nini, hukuniambia. Amka mapema siku moja, umfuate anakokwenda, funga mdomo.

Yule mama wa dagaa tulilifungua jalada lake upya. Safari hii baba alipendekeza mwenyewe: magunia mawili ya mpunga kila mavuno, na elfu kumi za mwezi. Hela amekosa mwezi mmoja. Mpunga ameleta gunia moja na nusu. Nusu iliyobaki iko kwenye daftari langu, Ijumaa nampigia.