Ukishatoka darasani: maswali yenu kuhusu maisha ya chuo cha jamii Marekani

Tangu muhula wa vuli uanze, barua nyingi zinatoka kwa vijana walioingia vyuo vya jamii Marekani, vile vya miaka miwili ambako mtu husomea krediti (vipimo vya uzito wa masomo) zipatazo 60 kisha akahamia chuo kikuu au akaingia kazini. Wachache wanauliza kuhusu masomo. Wengi wanauliza kuhusu yanayoendelea nje ya darasa, nami nafurahi, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoachwa nyuma.

*Niko Texas, muhula wa kwanza. Chuo hakina bweni. Kipindi kikiisha, muda si muda maegesho ya magari ni matupu. Nimezoea shule ya bweni, na hapa sina hata wa kumsalimia. Nifanyeje?*

Pole sana, mdogo wangu. Kasoro haiko kwako. Vyuo hivi vilianzishwa ili mtu asome huku akikaa kwao, tangu Joliet Junior College ilipofunguliwa Illinois mwaka 1901. Mwenzako anayekimbilia gari pengine anawahi zamu, au anamfuata mtoto shule. Ukisubiri urafiki uanzie kwenye korido utasubiri sana.

Nenda ofisi inayosimamia maisha ya wanafunzi, uulize klabu zinajitambulisha lini. Vyuo vingi hufanya hivyo mwanzoni mwa muhula: meza zimepangwa uwanjani, kila moja na bango lake, sahani ya biskuti na karatasi ya kuandika majina. Watu wengi hujiandikisha kwenye meza tano, wasionekane tena popote. Wewe chagua moja, halafu uhakikishe umehudhuria mkutano wa pili. Wa kwanza huwa na watu wengi na kelele nyingi. Wa pili hubaki wachache, na hao ndio watakaokuuliza ulikuwa wapi siku usipotokea.

Uliza pia kama chuo chako kina saa ya katikati ya mchana isiyo na vipindi, iliyotengwa kwa ajili ya klabu. Kama ipo, usikubali zamu ya kazi saa hiyo.

*Nina viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni. Naogopa kujiunga na chochote nisije nikavunja sheria. Klabu na kazi za kujitolea zinaruhusiwa?*

Klabu, kwaya, mdahalo, michezo, serikali ya wanafunzi: vyote ruksa. Kinachoangaliwa ni masomo na malipo.

Kwenye masomo, sharti ubaki na krediti zisizopungua 12 kwa muhula, na darasa la mtandaoni linalohesabika humo ni moja tu, lisilozidi krediti 3. Usiache somo kwa sababu mazoezi yamekubana kabla hujazungumza na afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni. Ukishuka chini ya 12 bila idhini yake, hadhi yako ya viza iko hatarini, na kuirejesha ni safari ndefu.

Kwenye malipo, unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kuna viongozi wa wanafunzi wanaolipwa posho. Ukichaguliwa, muulize afisa huyo kabla ya kupokea hata dola moja, kwa sababu posho inaweza kuhesabiwa kuwa ajira. Na kujitolea kuwe kujitolea kweli. Kazi ambayo wengine wanalipwa mshahara kuifanya, wewe ukaifanya bure nje ya chuo, inaweza kukuletea matatizo.

*Tuko saba, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania. Tunataka klabu ya Kiswahili. Tunaanzia wapi?*

Hongereni! Kila chuo kina kanuni zake, ila karibu vyote vitawataka mwe na idadi fulani ya wanachama, viongozi, katiba fupi na mlezi, yaani mwalimu au mfanyakazi wa chuo atakayewasimamia. Anzeni na mlezi. Katiba mnaweza kuimaliza jioni moja, kwa kuwa ofisi ya wanafunzi mara nyingi ina mfano wa kujaza, lakini mlezi mwenye moyo hutafutwa. Si lazima awe Mwafrika. Awe mtu anayejibu barua pepe. Tarajieni pia kwamba klabu itatakiwa iwe wazi kwa kila mwanafunzi, hata asiyejua Kiswahili. Mkaribisheni vizuri.

Fedha za klabu mara nyingi hutoka kwenye ada ya shughuli ambayo wanafunzi wote huilipa. Ombeni mapema, na kila risiti itunzwe.

Sasa lililo kubwa. Chuo cha miaka miwili huwapoteza watu wake haraka, na klabu nyingi hufa pale mwenyekiti anapohamia chuo kikuu. Makamu awe wa mwaka wa kwanza. Nywila za akaunti zote awe nazo zaidi ya mtu mmoja, na mlezi akiwamo. Kisha, badala ya sherehe moja kubwa inayomaliza pesa zote, wekeni saa moja ya mazungumzo kila wiki, siku ileile, chumba kilekile. Mgeni akikosa wiki hii ajue wiki ijayo atawakuta.

*Nafanya kazi usiku ghalani. Muda wa klabu sina kabisa. Nitakosa nini?*

Usijilaumu, dada, usingizi kwanza. Ila kama wewe ni mkimbizi, una kadi ya kijani au ni raia, ulizia ofisi ya misaada ya masomo kuhusu Federal Work-Study, mpango wa serikali unaowapa wanafunzi wenye uhitaji kazi za muda zenye malipo. Ukipata nafasi maktaba au kituo cha kufundishana, kazi yenyewe itakukutanisha na walimu na wenzako. (Wenye F-1 hawahusiki na mpango huu.)

*Nimepata barua ya kualikwa Phi Theta Kappa, na wanataka ada. Ni matapeli?*

Phi Theta Kappa yenyewe ni ya kweli: jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa vyuo vya miaka miwili wenye alama nzuri, tangu 1918. Thibitisha tu kwa mlezi wa tawi chuoni kwako kwamba barua imetoka kwao. Vyuo vikuu vingi vina ufadhili uliotengwa kwa wanachama wake wanaohamia, kwa hiyo angalia kwanza orodha ya vyuo unavyovitaka. Kama vinautoa, lipa. Kama hukusudii kuhamia, sioni haja ya kuharakisha.

*Mimi ni mzazi, niko Mombasa. Binti yangu yuko California, sasa amegombea serikali ya wanafunzi. Si anapoteza wakati?*

Shikamoo mama. Kwa kweli sidhani. Bodi za vyuo vya jamii California kwa sheria zina mjumbe mwanafunzi, kwa hiyo binti yako anaweza kufika kwenye meza inayojadili bajeti ya chuo kizima. Pia, akiomba kuhamia chuo kikuu au akitafuta ufadhili, huenda akahitaji barua ya mtu anayemfahamu. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi wanaoondoka kipindi kikiisha ataandika nini? Mlezi aliyemwona akiongoza kikao kilichochafuka ana la kusema. Wewe muulize binti yako kuhusu alama zake kila mwisho wa muhula. Zikishuka, hapo mama una haki ya kusema.

*Nacheza soka. Chuo cha jamii kina ligi?*

Zipo, na ushindani ni mkali. Vyuo vingi viko chini ya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili kilichoanzishwa mwaka 1938; vya California vina chama chao. Utatakiwa uwe mwanafunzi wa muda wote. Mwandikie kocha kabla ya kujisajili masomo, umtumie video, umuulize mazoezi ni saa ngapi, ndipo upange vipindi.